Kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani: nianze kuangalia nini?

Kipanya Kimechoka (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha, maana kompyuta si kitu ninachonunua kila mwaka, na nikikosea nitakaa na kosa langu muda mrefu.

Kompyuta ya mezani tunayotumia nyumbani ina zaidi ya miaka kumi, na sasa imefika hatua ambayo ukiiwasha unaweza kukunja nguo za kapu zima, ukarudi na kuikuta bado inazungusha vidoti. Watoto wawili huitumia kwa kazi za shule, mwenzangu huandika barua na kutunza hesabu za kikundi chake kwenye jedwali, mimi hutazama video za mafunzo, na mara mbili kwa wiki tunafanya mkutano wa video na ndugu zetu walio mbali. Hatuchezi michezo mizito wala hatuhariri filamu. Picha na nyaraka zetu zote kwa pamoja hazizidi GB 200.

Nimeona tatu ambazo ziko ndani ya uwezo wetu na bei zake hazipishani sana. Ya kwanza ni mpya kabisa: kasha la mnara, prosesa ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya TB 1. Ya pili imetumika ofisini. Ina kibandiko cha Core i7, RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256, na tangazo halisemi zaidi ya hapo. Ya tatu ni kale kakompyuta kadogo kanakotoshana na kitabu, kapya, kenye prosesa ya N100, RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512. Mwenzangu anaipenda ya kwanza kwa kuwa ni mpya na diski yake ni kubwa. Mpwa wangu anasema i7 ni i7, nichukue hiyo nisiulize mengi. Mimi niko katikati na sijui nimsikilize nani. Kati ya prosesa, RAM na diski, ni kipi kipewe uzito wa kwanza, na ni kipi ninachoweza kukiongeza baadaye?

Bisibisi

Ndugu yangu, kabla hatujakuchagulia, naomba ufanye jambo moja lisilo na gharama. Iwashe hiyo kompyuta ya zamani, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha ni asilimia ngapi ya prosesa, ya RAM na ya diski inatumika. Fungua kivinjari na video moja kama mnavyofanya siku zote, halafu tuambie ni kipi kinachopanda hadi juu. Wengi wakilalamika kwamba kompyuta ni nzito huinyooshea kidole prosesa, ilhali ukitazama dirisha hilo unaikuta prosesa imekaa kwenye asilimia 20, inasubiri diski iiletee kazi.

Sababu yake ni hii. Diski ya kuzunguka ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ili isome faili, mkono wake lazima usogee hadi mahali pa faili hiyo, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kinachotakiwa kipite chini yake. Kusubiri huko peke yake ni wastani wa milisekunde 4, na ukiongeza safari ya mkono unafika kwenye milisekunde 12 hivi. Kwa mwendo huo diski haiwezi kwenda mahali tofauti hata mara mia moja kwa sekunde. Windows inapowaka husoma maelfu ya vifaili vilivyotawanyika huku na huko, na programu zinazojiwasha zenyewe nazo zinapanga foleni hapo hapo. SSD haina sahani wala mkono. Hukifikia kifaili ndani ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta ya kawaida yenye SSD huiaibisha ya bei kubwa yenye diski ya kuzunguka.

Kwa hiyo ile ya kwanza ningeitoa kwenye orodha leo hii, upya wake usinishawishi. TB 1 inapendeza kwenye tangazo, lakini ninyi mna GB 200. RAM ya GB 4 nayo ni kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakikubali kwa Windows 11. Kuwaka itawaka, ila mtu mwenye kazi hatastarehe nayo. RAM ikijaa, mfumo huhamishia ziada kwenye diski, na hapo ziada hiyo itakuwa inamwagwa juu ya diski ile ile iliyokwisha kulemewa.

Kuhusu ya pili, mwombe muuzaji namba kamili ya prosesa. Kibandiko hakitoshi, na hata hicho kinaweza kuhamishwa kutoka kasha moja hadi jingine.

Kipanya Kimechoka

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Diski iliganda kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa, RAM ilitumika GB 3.7 kati ya 4, na prosesa ilikuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 30. Nilipoinama kutazama mbele ya kasha, ile taa ndogo ya diski haikuzimika hata mara moja. Prosesa yetu ni Core i3-4130.

Muuzaji wa ile i7 naye amejibu: ni i7-2600, na ameongeza kwamba i7 ndiyo ya juu kuliko zote. Je, hapo amenidanganya?

Bisibisi

Hakukudanganya, amekuambia nusu tu. i7-2600 ilikuwa ya juu mwaka 2011. Herufi na tarakimu ya mwanzo, i3, i5 au i7, huonyesha daraja la prosesa ndani ya kizazi chake, lakini kizazi chenyewe kinasomwa kwenye namba inayofuata kistari. i7-2600 ni kizazi cha 2, i3-4130 yenu ni ya 4, i5-8500 ni ya 8, na namba ikiwa na tarakimu tano unasoma mbili za mwanzo, kwa hiyo i5-10400 ni kizazi cha 10. Ukichukua i3-8100 ya mwaka 2017, ambayo kwa daraja ni ya chini, utakuta inaipita i7-2600 na inakula umeme kidogo zaidi. Mpwa wako ana nia njema, ila amesoma upande mmoja wa kistari.

Kizazi kina maana nyingine ambayo ni nzito zaidi kuliko mwendo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza iliyowekwa kwa watumiaji wa nyumbani ina ukomo wa Oktoba 2026. Windows 11 inataka kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na orodha rasmi ya prosesa za Intel inaanzia, ukiacha chache sana za kizazi cha 7, kizazi cha 8. Kwa upande wa AMD, anzia Ryzen za mfululizo wa 3000 ili usijisumbue, kwa sababu ndani ya mfululizo wa 2000 zipo zinazokubalika na zipo zinazokataliwa. Mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyokidhi vigezo zipo, na mimi mwenyewe nimezitumia kwenye mashine ya majaribio. Kwenye kompyuta ambayo mwenzako anatunzia fedha za watu wengine, nisingefanya hivyo.

Kwa swali lako la mwanzo, basi, ningepanga hivi: kwanza kizazi cha prosesa, kwa sababu hicho huwezi kukiongeza baadaye bila kubadili ubao mama, kisha SSD, ambayo lazima iwepo lakini hata ikiwa ndogo utaibadili kwa dakika kumi, mwisho RAM, ambayo nayo huongezwa kwa urahisi mradi ubao una nafasi tupu. GB 8 zinawatosha kwa barua na majedwali, ila mkutano wa video pamoja na vichupo kumi na viwili vya kivinjari utazifikisha ukingoni. GB 16 zitawapa nafasi ya kupumua.

Waya Mfupi

Naona wote mnakwepa ile ya tatu, nami ndiyo ninayoitumia nyumbani kwa sasa, kwa hiyo niitetee.

N100 ilitoka mwaka 2023. Ina viini vinne vidogo na kiwango chake cha nguvu kimeandikwa wati 6, wakati i5-8500 imeandikwa wati 65. Najua namba hizo hazilingani na zile utakazozisoma kwenye mita, maana kompyuta nzima ina vitu vingine vinavyokula umeme na prosesa nyingi hushuka sana zikiwa hazina kazi, lakini tofauti ipo na kwa nyumba inayoacha kompyuta wazi kutwa nzima inahesabika. Yangu nimeifunga kwa skurubu nne nyuma ya skrini. Juu ya meza kuna kibodi na kipanya basi. Wi-Fi imo ndani. Windows 11 inaikubali bila kubembelezwa. Kingine, ina uwezo wa kufungua video zilizobanwa kwa mfumo wa AV1 kwa kijenzi maalumu badala ya kuisumbua prosesa, jambo ambalo i5 za kizazi cha 8 hazina, na tovuti za video zinazidi kutumia mfumo huo.

Kwa matumizi aliyoyataja mwanzisha mada, sioni itamshinda wapi. Angalizo ni kwamba SSD iwe ya kweli, ile inayochomekwa na kuchomoka. Zipo ndogo za bei ya kutupwa ambazo hifadhi yake ni eMMC iliyouzwa ikiwa imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao; hiyo ni ya polepole zaidi, na ikifa, imekufa pamoja na ubao wake.

Karani Mstaafu

Kijana wangu Waya Mfupi amesema vizuri, lakini mimi nipo upande mwingine, na nina sababu za mtu aliyekaa mbele ya kompyuta za ofisi kwa miaka mingi.

Vikakompyuta hivyo vingi vinatoka kwa watengenezaji ambao leo wapo na kesho hujui utawauliza wapi sasisho la BIOS (programu ya ubao inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) au adapta mbadala. Viini vinne vya N100 ni vidogo kweli, RAM yake hupita kwenye njia moja tu hata ukiweka nyingi, na katika baadhi yake RAM imechomelewa. Kinyume chake, kampuni na taasisi hununua kwa mkupuo mashine kama Dell OptiPlex 3060, HP EliteDesk 800 G4 au Lenovo ThinkCentre M720, hukaa nazo miaka michache, kisha huziondoa zote siku moja hata kama bado ni nzima. i5-8500 iliyomo ndani ya mashine kama hizo ina viini sita kamili. Hapo mtoto anaweza kuwa na vichupo vyake vimefunguliwa, jedwali la hesabu liko nyuma, na mkutano wa video unaendelea bila sauti kukatikakatika. Kijenzi cha AV1 ni kitu kizuri, lakini kwa video ya kawaida yenye mistari 1,080 viini sita hivyo vinaifungua kwa nguvu zao bila kutokwa jasho.

Pia nimeona hakuna aliyemwuliza mwenzetu kuhusu skrini, nami naiona ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Prosesa hutaiona kwa macho. Skrini utaitazama kila dakika. Kwa meza ya nyumbani, inchi 24 yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ya aina ya IPS ili rangi zisigeuke mtoto akikaa pembeni, inafaa kabisa. Ukipanda hadi inchi 27 kwa nukta hizo hizo, herufi zinaanza kuonekana zimekwaruzwa kingo. Tenga fungu la skrini, kamera, vifaa vya masikioni na kifaa cha kuhifadhi umeme kabla hujagusa fungu la kasha, maana kompyuta ya mezani haina betri: umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi jedwali, jedwali hilo huenda lisifunguke tena. Na skrini nayo ichomekwe kwenye kifaa hicho hicho, la sivyo kompyuta itabaki inawaka gizani huku huoni pa kubonyeza ili uizime.

Niwape na aibu yangu. Niliponunua mashine yangu ya kwanza iliyotumika, nilifika nayo nyumbani jioni, nikaiweka mezani, nikashika kebo ya HDMI ya skrini na kuzunguka nyuma ya kasha. Hapakuwa na tundu la HDMI. Palikuwa na mawili ya DisplayPort, yale yenye kona moja iliyokatwa, na nilikuwa nimekwisha kumwambia kila mtu kwamba tutatazama filamu. Siku ya pili nikanunua kebo ya kutoka HDMI kwenda DisplayPort, nikaichomeka, giza tupu. Ndipo nilipojifunza kwamba kebo hizo nyingi hupitisha picha upande mmoja: inatakiwa ile iliyotengenezwa kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini, na haikubali kugeuzwa.

Kipanya Kimechoka

Mzee wangu Karani, nashukuru sana, na nimecheka kidogo kwa hiyo kebo, unisamehe. Skrini yetu ni ya inchi 19 na ina tundu moja tu, lile la bluu lenye skurubu mbili pembeni. Je, itafaa kwa kuanzia? Pia nimeogopa kidogo habari ya kununua kitu kilichotumika. Nitajuaje kwamba sichukui taabu ya mtu mwingine?

Bisibisi

Tundu la bluu ni VGA. Itafaa kwa kuanzia ikiwa kompyuta utakayochukua ina VGA, na nyingi za ofisi za kipindi hicho ama zinalo au lilikuwa la hiari. Kama hakuna, utahitaji kigeuzi kutoka DisplayPort kwenda VGA, hicho chenye saketi ndani yake. Waya mtupu haufanyi kazi kwa sababu VGA hutumia mawimbi ya aina nyingine. Ila usikae nayo sana. Nakubaliana na Karani kuhusu skrini kuliko jambo lingine lolote alilolisema.

Kuhusu iliyotumika, mimi nikienda kukagua huwa nachukua nusu saa na sioni haya. Kwanza naiomba iwashwe ikiwa baridi, mbele yangu, ili nisikie feni inavyoanza. Naingia kwenye BIOS kabla Windows haijawaka. Hapo natazama mambo mawili: saa na tarehe ziko sawa? Zikiwa zimerudi miaka nyuma, ile betri ndogo ya CR2032 imekwisha, jambo dogo. Je, BIOS inaniomba nenosiri? Hilo si dogo. Kwenye mashine nyingi za ofisi, kuitoa betri hakufuti nenosiri la msimamizi, na bila nenosiri hilo unaweza kukwama siku unapotaka kusakinisha mfumo upya kutoka kwenye USB. Nimewahi kuletewa moja ya namna hiyo, ofisi iliyokuwa ikiimiliki ilikwisha kuhama na hakuna aliyekumbuka neno lenyewe. Ikikuomba nenosiri na muuzaji hana, shukuru uende zako.

Windows ikiwaka, natazama namba ya prosesa na kiasi cha RAM kwenye lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc, ambalo pia linaonyesha ni nafasi ngapi za RAM zimejazwa. Kisha nafungua CrystalDiskInfo kutoka kwenye USB yangu. Ni programu ya bure inayosoma afya ya diski na jumla ya saa ilizofanya kazi. Ofisi inayowasha kompyuta saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, hufikisha saa 2,000 hivi kwa mwaka, kwa hiyo diski yenye saa 10,000 kwenye mashine ya miaka mitano haina ajabu. Kinachonitia shaka ni muuzaji anayesema "SSD ni mpya" halafu namba inasema 10,000. Baada ya hapo nacheza video kwa dakika ishirini huku nikichomeka kipanya kwenye kila tundu la USB, mbele na nyuma. Mwisho naomba kasha lifunguliwe. Vumbi halinitishi, ninachotafuta ni kapasita zilizovimba vichwa, harufu ya kuungua, na alama za bisibisi mahali ambapo hapakustahili kufunguliwa.

Ukifika nayo nyumbani, usiitumie ilivyo. Futa diski yote, usakinishe Windows upya kutoka kwenye faili rasmi ya Microsoft. Kwenye mashine hizo ufunguo wa leseni kwa kawaida umehifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe, kwa hiyo ukisakinisha toleo lile lile itajitambua ikifika kwenye intaneti. Huwezi kujua aliyekutangulia aliacha nini humo.

Sasa nimkosoe Karani mahali pamoja. Mashine hizi za ofisi zenye kasha jembamba zina tabia mbaya: pawasaplai yake ina umbo la kampuni yake, na hata viunganishi vya ubao mara nyingi si vile vya kawaida. Ikiungua, huwezi kuchukua yoyote iliyopo dukani ukaifunga. Unatafuta ya modeli ile ile. Zile ndogo zaidi hutumia adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato, ambayo ni rahisi kubadili, na RAM yake nayo ni ile fupi ya kompyuta mpakato. Wi-Fi usiitarajie, nyingi ziliishi ofisini zikiwa na waya. Kipokezi cha USB kitamaliza hilo.

Kama unaweza kuikagua kwa mikono yako na ukapata dhamana hata ya miezi michache, chukua ya kizazi cha 8. Kama unanunua kwa kuletewa bila kuiona, Waya Mfupi ana hoja: N100 mpya ni salama zaidi kuliko i5 usiyoijua.

Waya Mfupi

Hapo nakubali. Nami ningemwongezea asiitupe ya zamani. i3-4130 yenye SSD ndogo ya SATA na RAM ya DDR3 iliyoongezwa hadi GB 8, ikisakinishwa mfumo wa bure wa Linux Mint badala ya Windows, pamoja na programu za ofisi za LibreOffice, itaandika insha za shule bila tatizo. Asichanganye tu: RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, mwanya wake umekatwa mahali tofauti, na mtu akilazimisha atavunja nafasi yenyewe.

Karani Mstaafu

Na zile picha za GB 200 zisikae mahali pamoja. Kabla hujaigusa ile ya zamani, zinakili kwenye diski ya nje, uifunge kabatini, na nakala nyingine uiweke kwenye kompyuta mpya. Diski inayofika asilimia 100 kwa dakika kadhaa huenda inalemewa tu, lakini pia huenda inasoma sehemu moja mara nyingi kwa sababu inaanza kuharibika. Usingoje kujua ni lipi kati ya hayo.

Kipanya Kimechoka

Nawaletea mrejesho, maana si vizuri kuuliza na kupotea.

Ile i7 niliiacha. Nilipata mahali pengine kasha jembamba lililotoka ofisini, i5-8500, SSD ya GB 256 na RAM ya GB 8 kwenye kipande kimoja, nafasi ya pili ikiwa tupu. Nilikwenda na USB yangu yenye CrystalDiskInfo na karatasi niliyonakili maneno ya Bisibisi. BIOS haikuomba nenosiri. Diski ilionyesha afya ya asilimia 94 na saa 7,300, na muuzaji mwenyewe hakuwa amesema kwamba ni mpya. Alipofungua kasha alishangaa kidogo kuniona ninainusa kompyuta, ila hakusema kitu. Tundu za nyuma ni HDMI moja na DisplayPort moja, kwa hiyo nimeponea habari ya kebo. Skrini ya inchi 24 tumeichukua pamoja na kamera. Picha nilizinakili kwanza; zilichukua usiku mzima kutoka kwenye ile diski ya zamani, na faili tatu zilikataa kabisa, kwa hiyo Mzee Karani alikuwa sahihi kuhofia.

Nimesakinisha Windows 11 upya na leseni imejitambua yenyewe. Kutoka kubonyeza kitufe hadi kufungua jedwali la mwenzangu ni sekunde 19. Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini.

Limebaki swali moja. Nimenunua kipande cha pili cha RAM cha GB 8, DDR4, mwendo sawa na kilichomo. Nimekiweka, kompyuta ikatoa milio na skrini haikuwaka. Nimekitoa, imewaka kama kawaida. Je, nimeuziwa kibovu?

Bisibisi

Huenda hakijaingia vizuri. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Linganisha mwanya wa kipande na kile kidomo cha nafasi, fungua vishikizo, ukisukume kwa vidole gumba viwili, kila ncha kwa nguvu sawa, mpaka usikie mlio wa kishikizo kikijifunga. Huhitaji nguvu kubwa, ila ni zaidi ya unavyodhani mara ya kwanza. Kikikataa tena, toa kile cha zamani na uweke kipya peke yake kwenye nafasi kilipokuwa cha zamani. Hapo ndipo tutajua kama ni kipande au ni nafasi.

Kipanya Kimechoka

Kilikuwa kimeingia upande mmoja tu. Sasa inasoma GB 16.